Kazi Mtaani Haikuwa ya Vijana wa Mitaani

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wafadhili au waumini kuhusu vijana wasio na makao jijini Nairobi, hakosi mtu wa kuinua mkono na kusema kwamba vijana hao walikwisha kupewa kazi na serikali wakati wa korona, nao wakazimaliza pesa kwa gundi ya kuvuta. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata siku hizi naanza kuyajibu kabla msemaji hajaketi.

Dhana hii imezaliwa na jina. Katika Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kazi za vibarua ulioanza Aprili 2020, mtaa ni mahali watu wanapoishi, penye mlango, jirani na mzee wa mtaa anayekujua kwa jina. Mitaani anakolala kijana ninayemhudumia ni barazani pa duka lililofungwa. Mpango ulilenga wakazi wa makazi duni kama Mathare, Kibera na Mukuru, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, ambao walifagia njia na kuzibua mitaro, na katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku. Aliyetaka kuandikishwa alihitaji kitambulisho cha taifa, na pia watu wa mtaa huo wakubali kwamba ni mwenzao. Malipo yalipitia simu, na laini ya simu nayo haisajiliwi bila kitambulisho.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 19 aliyetoroka kwao akiwa na miaka tisa. Akiomba kitambulisho huulizwa cheti cha kuzaliwa au cha shule, kitambulisho cha mzazi, na uthibitisho wa chifu; mzazi hajui aliko, shule aliiacha darasa la tatu, na chifu hajawahi kumwona. Kijana huyu hakukataa kazi wala hakula pesa ya mtu, kwa kuwa jina lake halikuweza kuingia katika daftari lolote. Ndiyo maana anayeniuliza alete blanketi ngapi humwomba badala yake alipe nauli ya kijana mmoja na mfanyakazi wa jamii hadi alikozaliwa kijana huyo, wakatafute cheti. Wengi hawaupendi ushauri huu, kwa sababu cheti hakipendezi katika picha kama blanketi, lakini dharura inapotangazwa daftari hufunguliwa kwa siku chache tu, na asiye na karatasi hawezi kuzitafuta kwa siku hizo.

Wengine hunitajia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji fedha. Fedha hizo, shilingi 2,000 kwa mwezi, huwafikia wazee, watu wenye ulemavu mkubwa, na kaya zinazolea mayatima. Kijana aliye peke yake si kaya. Wapo pia wanaodhani kwamba Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani, ulioanzishwa mwaka 2003, humgawia kila mmoja pesa mkononi, ilhali kazi yake ni kusaidia shughuli za kuwaokoa, kuwarekebisha na kuwarudisha kwao. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba idadi yao haikujulikana.

Wanaosema kwamba korona haiwapati vijana hawa kwa kuwa miili yao imezoea shida, wanasema upuuzi: ujana hupunguza uwezekano wa kuugua vibaya, lakini hauzuii maambukizi, na mapafu yaliyovuta gundi kwa miaka hayana nguvu ya ziada.

Dhana ya mwisho ni kwamba msako wa kuwakamata vijana hawa na kuwaondoa mitaani ni msaada. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kila mtu aliamriwa awe nyumbani kuanzia saa moja jioni, amri ambayo kijana asiye na nyumba aliivunja kwa kulala tu. Aliye chini ya miaka 18 sheria humhesabu kuwa mtoto anayehitaji ulinzi na matunzo, apelekwe mbele ya mahakama ya watoto, si kurundikwa na wengine ndani ya lori kama ilivyokuwa wakati wananchi walipoambiwa wasikaribiane. Aliyetimiza 18 hapokelewi katika makao ya watoto, na mara nyingi asubuhi humkuta barazani pale pale alipokamatwa.