Sheria ya mbegu haijakukataza kutunza mbegu zako

Hii stori ya kwamba Tanzania ukitunza mbegu ya babu unafungwa imezunguka miaka sasa. Sivyo. Sheria ya Mbegu ya 2003 inabana biashara, yaani ukiuza kama mbegu lazima ipitie kwa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ila ya kupanda mwenyewe shambani kwako hamna anayekufata. Na kuna mlango watu hawauoni kabisa, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora: mkulima mdogo anajisajili, shamba linakaguliwa, anawauzia wenzake wilayani kwake tu, ndo maana hata vipando vya mihogo, zao linalovumilia ukame, vinazalishwa na wanakijiji wenyewe. Kinachokera kweli ni hiyo mipaka ya wilaya, ukame wenyewe haujui wilaya.