Choo kikijaa, ndoto hungoja: dhana potofu kuhusu kazi za kinyaa, kipaji na thamani ya mtu

Jijini Dar es Salaam wapo waitwao vyura. Ni watu wanaopakua vyoo vya shimo kwa mikono, ndoo na pampu ndogo, mara nyingi usiku, kwenye vichochoro ambavyo gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya. Jina lina dharau ndani yake, ingawa mtaa mzima unalitamka kama jina la kawaida.

Kijana wa leo anaambiwa maneno mawili yasiyopatana. Nyumbani: kazi ni kazi, mchagua jembe si mkulima. Kwenye semina: fuata moyo wako, usikubali kazi isiyo ndoto yako. Huku maneno hayo yanabishana, choo cha nyumba ya wapangaji ishirini kinajaa. Hesabu yake haina huruma. Wasanifu wa mashimo ya vyoo hukadiria tope la lita 40 hadi 60 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa watu ishirini hiyo ni lita 800 hadi 1,200, bila kuhesabu maji ya kuogea, takataka na maji ya ardhini yanayoingia wakati wa masika. Lazima mtu afike kupakua.

Dhana: "Kazi ya choo haihitaji ujuzi, ni ya aliyeshindwa maisha."

Anayesema hivi hajawahi kusimama pembeni akatazama. Kazi huanza na kufumbua shimo na kuliacha lipate hewa, nusu saa au zaidi. Watoto huondolewa, na hapawi na sigara, kibatari wala jiko la mkaa karibu, kwa kuwa gesi ya methani inayotoka shimoni huwaka. Hewa hiyo hailifanyi shimo liwe mahali pa kuingia. Inapunguza tu gesi iliyotuama juu.

Kisha takataka huvuliwa kwa fimbo ndefu yenye ndoano: vitambaa, nepi, pedi, chupa, nyembe, wakati mwingine sindano. Hapa ndipo mgeni wa kazi hukosea kwa kutaka kuwahi. Pampu ya mkono iitwayo Gulper ni bomba la plastiki lenye vali mbili, moja chini ya bomba na nyingine kwenye fimbo inayopanda na kushuka. Kitambaa kimoja kikikwama chini ya vali, haifungi. Mpigaji anavuta, tope linapanda, kisha linarudi lilikotoka. Mkono unachoka na pipa halijai. Itabidi bomba zima litolewe, lifunguliwe na kusafishwa, likiwa linachuruzika, na hapo ndipo uchafu humwagikia miguuni na uani. Dakika ishirini za kuvua takataka mwanzoni huokoa saa nzima baadaye.

Tope likiwa zito hulainishwa kwa maji, ndoo moja baada ya nyingine, likikorogwa kwa mti. Fundi mzuri hamwagi maji ovyo, maana kila ndoo aliyoongeza atalazimika kuibeba. Pipa la lita 50 lililojaa lina uzito unaozidi kilo 50, kwa hiyo hujazwa robo tatu, likafunikwa na kubebwa na watu wawili hadi kwenye guta au mkokoteni.

Mwisho ni kusafisha pale palipomwagikia. Dawa ni klorini ya asilimia 0.5: ukiwa na klorini ya unga ya asilimia 70, weka gramu 7 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 70 kwenye ndoo ya lita 10. Uchafu unaoonekana huondolewa kwanza, maana klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi kingi. Usiichanganye kamwe na tindikali ya kusafishia sinki, gesi inayotoka hapo ni sumu.

Mtu anayejua yote haya ana ufundi. Kama hatumwiti fundi, kosa liko kwenye msamiati wetu.

Dhana: "Hatari ni harufu. Harufu ikikata, shimo limekuwa salama."

Dhana hii inaua, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Harufu ya mayai yaliyooza hutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi. Pua huinusa ikiwa chache sana, chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, neva za pua hulemaa katika dakika chache, na mtu haisikii tena. Anadhani imepungua, kumbe imezidi. Ikikaribia 700 hadi 1,000, pumzi moja au mbili zaweza kumwangusha, na kifo hufuata katika dakika chache. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini, pale pale anapoinamisha kichwa mtu aliyeshuka shimoni.

Kuna jambo jingine watu hawalitazamii. Shimo laweza kuwa tulivu kabla ya kazi, kisha likabadilika ghafla. Gesi imefungwa ndani ya tope, chini ya gamba gumu la juu. Mti unapotoboa gamba hilo na kukoroga, viputo hupanda vyote kwa mara moja. Ndiyo maana aliyeingia na kusema "kuko shwari" huanguka dakika tano baadaye.

Barakoa ya kitambaa haisaidii, na hata ile nzito ya hospitali huzuia vumbi na matone tu, si gesi. Mafuta ya taa yanayomwagwa shimoni hufunika harufu bila kuondoa sumu, tena yanaongeza kitu cha kuwaka. Pombe wanayokunywa baadhi ya wapakuaji ili wavumilie inawaondolea ile tahadhari ambayo ingewaokoa. Tusiwahukumu kwa hilo. Wapeni vifaa vinavyofanya isihitajike mtu kushuka.

Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za aina hii walikuwa wale walioingia kuokoa. Kaka anamfuata kaka, jirani anamfuata kaka, wanazikwa watatu. Kanuni ni moja: hakuna mtu anayeingia. Kama hapana budi kabisa, ni baada ya kupima hewa kwa kifaa, akiwa na kifaa cha kumpa hewa safi, amevaa mkanda wa mwili wenye kamba, na juu wapo watu wenye nguvu za kumvuta bila wao kushuka. Genge lisilo na vitu hivyo lipakue kutoka juu, na likifikia tope lisilovutika, liache hapo.

Dhana: "Ukifanya unachokipenda, fedha itakuja yenyewe."

Mapenzi ya kazi ni kitu kizuri, na hatuna nia ya kuyabeza. Tatizo ni kuyafikiria kama hazina iliyozikwa ambayo kila mtu anapaswa kuichimbua kabla ya kuanza kuishi. Mwaka 2018 watafiti O'Keefe, Dweck na Walton walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu jambo hili. Waliwaonyesha wanafunzi video ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, wengi wakaipenda. Kisha wakawapa makala ngumu juu ya mada ile ile. Walioamini kwamba kipenzi cha mtu kipo tayari kikisubiri kugunduliwa ndio waliopoteza hamu zaidi. Walioamini kwamba hamu hujengwa walistahimili zaidi. Ugumu, kwa yule wa kwanza, ni ushahidi kwamba "hii si yangu".

Kuna ubaya wa pili, unaowauma walimu, wauguzi, wasanii na wahudumu wa mashirika. Kim na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti ulioonyesha kwamba watu huona ni halali zaidi kumfanyisha mtu kazi ya ziada bila malipo wakiamini anaipenda kazi yake. Kwa hiyo anayeambiwa "wewe si unaipenda?" pale anapodai saa zake alizozidisha, ajue sentensi hiyo inafanya kazi gani. Mapenzi hayafuti mkataba.

Kwa kijana anayechagua, maswali ya manufaa ni manne: ujuzi huu unanilipa kiasi gani baada ya gharama, mwili wangu utakuwaje baada ya miaka kumi, naweza kupanda kutoka hapa kwenda wapi, na nani ananilinda nikiumia. Swali la "naipenda?" libaki, lakini lisitangulie manne haya.

Dhana: "Anayefanya kazi ya kinyaa hawezi kujithamini."

Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika makala yao ya mwaka 2001, walieleza habari za wafanya usafi wa hospitali moja nchini Marekani. Kazi ilikuwa moja, lakini baadhi waliiona ni kufagia tu, na wengine walijihesabu sehemu ya tiba: walipanga muda wa usafi kulingana na hali ya wodi na kuzungumza na wagonjwa. Kundi la pili liliipenda kazi zaidi.

Lakini tahadhari. Utafiti huu husomwa vibaya na mabosi, kana kwamba mfanyakazi akibadili mtazamo haja ya glovu imekwisha. Fahari ya moyoni haizuii minyoo. Mayai ya minyoo ya askaris huishi kwenye tope kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, na hayajali kama aliyeyashika anajithamini.

Dhana: "Mashine zitaimaliza kazi hii karibuni, hakuna haja ya kuhangaika na watu wake."

Gari la kunyonya linahitaji barabara. Linahitaji pia tope jepesi na mpira unaofika shimoni, na kadiri mpira unavyorefuka ndivyo nguvu ya kuvuta inavyopungua. Katika sehemu za Vingunguti au Manzese, mitaa ya Dar es Salaam, nyumba zimebanana kiasi kwamba mkokoteni wenyewe hupita kwa taabu. Hata gari likifika, lile tope gumu la chini hubaki.

Pasipo mpakuaji, shimo halisubiri. Hutapishwa: mvua ikinyesha, mwenye nyumba hutoboa ukuta wa shimo na kuacha kinyesi kifuate maji hadi mtaroni, kisha kwenye visima na viwanja wanapocheza watoto. Kipindupindu kilipolipuka Tanzania kuanzia Agosti 2015, kilianzia Dar es Salaam, na Desemba 9 mwaka huo Rais Magufuli aliigeuza Siku ya Uhuru kuwa siku ya usafi, naye akashiriki kufanya usafi karibu na soko la samaki la Feri. Siku moja ya usafi ilionekana nchi nzima. Anayebeba tope siku zote haonekani, na ni heri apewe pampu na guta kuliko kusubiriwa gari lisilopita.

Dhana: "Tukiwaita mashujaa, tumewaheshimu."

Februari 1, 1968, mjini Memphis, Marekani, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mashine ya gari la taka walimojikinga na mvua. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Mabango yao hayakuomba kuitwa mashujaa. Yaliandikwa kwamba mimi ni mtu. Walichodai ni kutambuliwa chama chao, mshahara bora na usalama kazini. Mwezi huo huo wazoa taka wa New York waligoma siku tisa, na takriban tani 100,000 za taka zikarundikana mitaani. Katika jiji lile tajiri, mtu wa kwanza kukumbukwa alikuwa yule asiyesalimiwa.

Kwa Tanzania, heshima ina anwani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na hatari za kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, lakini lazima awe ameajiriwa na mwajiri awe anachangia. Kibarua anayeitwa kwa simu saa nne usiku na kulipwa mkononi hayumo. Hivyo vikundi vya wapakuaji vijisajili, viandike mikataba, na serikali za mitaa ziwape kazi wenye mikataba kwanza.

Na wewe mwenye nyumba unayekwenda kumwita mpakuaji: mpe kazi mchana, si gizani kama mwizi. Mweleze ukweli kuhusu kilichotupwa humo, hasa sindano na chupa. Patana bei inayohusisha kusafirisha tope hadi mahali panaporuhusiwa, kama mabwawa ya majitaka, kwa maana ukilipa nusu umelipia limwagwe mtaroni. Uliza kama wamechanjwa pepopunda na homa ya ini aina B. Hakikisha kila mmoja ana buti za mpira, glovu nzito zinazofika karibu na kiwiko, ovaroli na miwani. Kisha tenga ndoo mbili za maji safi, sabuni, na bafu lenye mlango, ili amalizapo aoge hapo kwako na asirudi kwa wanawe na nguo zile.