Mfupa mweusi wa mtoni si lazima uwe wa kale

Wengi huamini kwamba mfupa wa binadamu ukitoka mtoni ukiwa mweusi, ni wa zamani sana. Rangi haisemi umri. Chuma na manganizi vya maji na tope hupenya ndani ya mfupa, kwa hiyo wa juzi unaweza kuwa mweusi kuliko wa enzi za mawe.

Umbo nalo hudanganya. Mwaka 1996, mto Columbia, Marekani, ulitoa mifupa ya Mtu wa Kennewick. Kwa kuangalia fuvu alidhaniwa mlowezi wa kizungu wa karne ya 19. Lakini nyongani mlikuwa na ncha ya jiwe, na kipimo cha kaboni 14, aina ya kaboni ambayo kupungua kwake huonyesha umri, kikaonyesha zaidi ya miaka 8,000. DNA ya 2015 ilimuunganisha na wenyeji wa Marekani, na mwaka 2017 wakamzika upya.

Dhana ninayotaka sana sisi wa Goma tuiache ni kwamba maabara ikishatoa tarehe, basi imekwisha. Kaboni 14 huingia mwilini kwa chakula. Mtu akifa, hupungua nusu kila miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 haitoshi tena kupimwa. Lakini maji huweza kubeba kaboni ya kale sana, kutoka kwenye mawe ya chokaa au kwenye gesi ya volkano. Hewa ya mazuku, yaani kaboni dioksidi ya volkano inayotoka ardhini huku kwetu, haina kaboni 14 hata kidogo: jani linaloivuta litaonekana la kale hata likichumwa leo. Samaki nao hubeba kaboni hiyo ya kale, na mifupa ya mvuvi aliyewala maisha yake yote huonekana ya kale kuliko ilivyo. Ndiyo maana umri wa Kennewick, aliyekula sana viumbe vya baharini, ulibidi kusahihishwa.

Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ilikumbwa na shaka hiyohiyo. Jean de Heinzelin alichimba huko mwaka 1950 na kupata mifupa ya watu, vyusa na mfupa wenye chale, unaojulikana kama mfupa wa Ishango. Tarehe ya magamba ya konokono, takriban miaka 21,000, ilikataliwa kwa sababu ya kaboni ya kale iliyomo ziwani. Vipimo vya baadaye, kwa njia nyingine, vikaonyesha kweli ni miaka 20,000 au zaidi. Shaka ilikuwa halali kabisa, na bila kupima tena tungeendelea kuwapunguzia wavuvi wale maelfu ya miaka.

Ukikuta mfupa ukingoni, usiupake gundi wala vanishi. Vyote vina kaboni yake. Uache ulipo, uwaite wahusika.