Adabu Inayotisha: Jinsi Filamu ya Get Out Ilivyojengwa

Katika kazi yangu ya kusoma na kuhariri miswada ya filamu, kasoro ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika filamu za kutisha zenye ujumbe wa kijamii ni ujumbe kukaa kando ya hofu. Zimwi linatisha kwa dakika kumi, wahusika wanasimama kuelezana dhuluma kwa dakika tano, kisha zimwi linarudi. Get Out, filamu ya kwanza kuongozwa na Jordan Peele, iliyotoka Marekani tarehe 24 Februari 2017, haina mshono huo. Ukiuondoa ubaguzi wa rangi ndani yake, hakuna tukio hata moja la kutisha litakalosalia, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kuu ya mafanikio yake, kuliko ile bahati ya kutoka wakati mwafaka ambayo wachambuzi wengi wameitaja. Asiyeitazama bado ajue kwamba nitaufichua mwisho wake, kwa kuwa haiwezekani kuieleza vilivyo bila kufanya hivyo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Chris, mpigapicha kijana Mweusi anayeigizwa na Daniel Kaluuya, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa Rose, mpenzi wake Mzungu anayeigizwa na Allison Williams. Wanampokea kwa bashasha. Baba anamwambia kwamba angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu kama ingewezekana. Wageni wanaofika kwenye karamu wanamsifia umbo, wanampapasa misuli, wanamuuliza maoni yake kuhusu maisha ya Weusi. Hakuna anayemtukana. Peele alianza kuliwaza wazo hili katika kipindi cha uchaguzi wa mwaka 2008, ambapo wengi nchini mwake walisema kwamba suala la rangi limekwisha, na uamuzi wake wa kijasiri kuliko yote ulikuwa kuwapa ubaya watu wasomi, wenye siasa za wastani, wanaojiona marafiki wa Weusi. Kama maadui wangekuwa wahuni wenye kelele za chuki, watazamaji wengi wangekaa kwa starehe upande wa haki. Hapa mtazamaji anasikia maneno ambayo huenda amewahi kuyatamka mwenyewe, na anaanza kuogopa kabla hata ya damu kumwagika.

Tazama namna mswada unavyofanya kazi katika tukio la polisi, mwanzoni mwa safari. Gari linaloendeshwa na Rose linamgonga kulungu, askari anafika, na ingawa Chris hakuwa akiendesha, anatakiwa kuonyesha kitambulisho. Rose anakataa kwa ukali, naye Chris anatazama kwa tabasamu la shukrani. Tunaliona tukio hili kama ushahidi wa mapenzi. Baadaye, tukishajua kwamba familia ile huwanasa Weusi na kupandikiza ubongo wa Wazungu ndani ya miili yao, tunatambua kwamba Rose alikuwa akizuia jina la Chris lisiandikwe popote. Tukio moja limebeba habari ya ubaguzi wa polisi, ya mshirika mwema wa Kizungu na ya mtego, bila mhusika yeyote kutoa hotuba.

Ufundi huo unafikia kilele pale mama wa Rose, anayeigizwa na Catherine Keener, anapomlaza Chris usingizi wa hipnosi kwa kukoroga chai taratibu. Chris anazama kupitia sakafu na kuingia katika giza lisilo na mwisho, akielea huku akipiga kelele zisizotoka, na ulimwengu anaoujua ukibaki kama skrini ndogo ya televisheni juu kabisa. Peele amelieleza giza hilo kuwa sura ya watu waliowekwa pembezoni, wanaopiga kelele wasisikike. Lakini kinachonivutia zaidi kama mhariri ni kwamba picha ile imetolewa katika jeraha la mhusika mwenyewe: alipokuwa mtoto, Chris aliketi mbele ya televisheni, asimpigie mtu yeyote simu, wakati mama yake aliyegongwa na gari alikuwa akifa barabarani. Mama wa Rose anaichokonoa hatia hiyo ili kumfunga. Na kile kinachokuja kumwokoa kimetoka humo humo. Mazoea yake ya kukwaruza kwa kucha tangu usiku ule ndiyo yanayochana mkono wa kiti alichofungwa, naye anachomoa pamba iliyomo ndani na kuziba masikio. Mtumwa wa Kusini mwa Marekani alichuma pamba kwa faida ya bwana wake; Chris anaichuma kwa ajili ya uhuru wake. Hakuna anayelisema hilo. Mkono unaonekana, pamba inaonekana, mtazamaji anaunganisha mwenyewe.

Yote haya yalitengenezwa kwa bajeti ya dola milioni 4.5, kiasi kidogo mno kwa filamu iliyosambazwa na studio ya Universal. Kampuni ya Blumhouse ya Jason Blum, mmoja wa watayarishaji, ilikuwa imeshajenga utaratibu wake wa kutumia fedha chache na kumpa mwongozaji uhuru mkubwa, kwa hesabu kwamba hasara ikitokea itavumilika. Upigaji picha ulichukua siku 23 huko Alabama, hasa katika mji wa Fairhope na eneo la Mobile. Uchache wa siku na wa mandhari uliifaa hadithi: nyumba moja, uwanja wake, msitu unaoizunguka, na uso wa Kaluuya ambao kamera ya Toby Oliver inausogelea hadi machozi yanapomtoka macho yakiwa hayapepesi. Bajeti kubwa ingeleta kishawishi cha kuuonyesha upasuaji kwa kirefu, na nadhani filamu ingepungukiwa.

Muziki nao unastahili kutajwa na msomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Peele alimpata mtunzi Michael Abels baada ya kusikia kazi yake ya okestra kwenye YouTube, ingawa Abels hakuwa amewahi kutunga muziki wa filamu ndefu. Peele alitaka sauti za Weusi ambazo hazina matumaini ya nyimbo za injili wala huzuni ya bluzi. Walichokipata ni kwaya inayonong'ona na kuimba kwa Kiswahili, sauti za wahenga wakimtaka ndugu yao akimbie. Watazamaji wengi wa Marekani waliisikia kama sauti ya ajabu tu. Sisi tulielewa tangu dakika za mwanzo kwamba Chris ameshaonywa, na hofu yetu ilikuwa ya kumwona mtu asiyesikia wito wa jamaa zake.

Kuhusu mwisho, kulikuwa na toleo lililopigwa picha ambamo polisi wanamkuta Chris juu ya Rose, wanamkamata, na anaishia gerezani. Ulikuwa mwisho wa kweli, kwa maana ya kile ambacho kingemfika kijana Mweusi katika hali ile. Ulipoonyeshwa kwa hadhira ya majaribio, uliwavunja nguvu watu walioipenda filamu hadi hapo. Peele pia aliona kwamba mauaji ya Weusi mikononi mwa polisi yalikuwa yameshajulikana waziwazi, na kwamba watu walihitaji shujaa anayesalimika. Kwa hiyo taa za gari zinapomulika, ukumbi mzima unashikwa na woga, kisha anashuka Rod, rafiki wa Chris anayefanya kazi ya usalama wa uwanja wa ndege. Wapo wanaouona huu kuwa mwisho laini. Sikubaliani nao, kwa sababu sekunde zile za woga zinamfanya mtazamaji wa rangi yoyote auandike mwisho wa kwanza kichwani mwake mwenyewe, halafu anapewa nafuu.

Filamu iliingiza takriban dola milioni 33 Marekani katika wikiendi yake ya kwanza. Iliyofuata, mapato yalishuka kwa takriban asilimia 15 tu, ilhali filamu nyingi za kutisha hupoteza nusu au zaidi. Maana yake ni kwamba waliotazama waliwaambia wenzao, na wengine walirudi kuyatafuta yaliyowapita. Duniani kote ilifikisha zaidi ya dola milioni 250. Machi 2018 Peele akawa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada asilia, akasema jukwaani kwamba aliacha kuuandika mara zipatazo 20 akidhani hautawezekana.

Tangu hapo miswada ya kutisha yenye jambo la kijamii imekuwa mingi, na ninaifurahia. Ninapoipokea, ninamwomba mwandishi anionyeshe tukio moja ambalo dhuluma yenyewe ndiyo inayofunga mlango, inayozima simu au inayomzuia mhusika asiondoke mapema. Akiwa nalo, mengine yote tunaweza kuyarekebisha.