Simulizi za Mafanikio ya Wateja: Mhasibu Aseme Nini, Anyamaze Wapi

Ofisi ya uhasibu inapotaka kuueleza umma jinsi ilivyomsaidia mteja, jambo la kwanza ni ruhusa, uandishi hufuata. Kanuni za Kimataifa za Maadili kwa Wahasibu, zinazotolewa na IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili kwa wahasibu, zina misingi 5: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Wajibu wa usiri haukomi mkataba unapokwisha. Kwa hiyo hata mteja aliyeondoka zamani anapaswa kuombwa ridhaa, nayo ni vyema iwe ya maandishi na itolewe baada ya yeye kuyasoma maneno yenyewe yatakayochapishwa.

Kuondoa jina hakutoshi. Ukiandika kwamba mteja ni kiwanda pekee cha bidhaa fulani katika mji mdogo, washindani na wafanyakazi wake watamtambua kabla hawajamaliza aya ya kwanza.

Ridhaa ikishapatikana, kosa linalojitokeza zaidi ni sifa tupu. Sentensi kama "tulimsaidia mteja kukuza biashara yake" haimwambii msomaji lolote. Tuchukulie muuzaji wa jumla ambaye mauzo yake yanapanda ilhali mishahara inachelewa. Fedha anazowadai wateja wake ni asilimia 20 ya mauzo yake ya mkopo ya mwaka mzima, maana yake anasubiri malipo kwa wastani wa siku 73 (asilimia 20 ya siku 365), ingawa ankara zake zinadai malipo ndani ya siku 30. Mhasibu anayapanga madeni hayo kwa umri, yaani kwa muda ambao kila deni limekaa bila kulipwa, anagundua kwamba ankara zote huandikwa mwisho wa mwezi hata kama mzigo ulitoka tarehe 3, kisha anashauri kila ankara itoke pamoja na mzigo. Ikiwa mwaka unaofuata uwiano ule umeshuka hadi asilimia 12, muda wa kusubiri umekuwa takriban siku 44. Hayo ndiyo ya kuandika, pamoja na kipindi kilichopimwa na namna hesabu ilivyofanywa, na ijulikane wazi kwamba aliyebadili utaratibu ghalani ni mteja mwenyewe.

Faida ya mteja ikipanda katika kipindi hichohicho, mwandishi asijitwalie sifa yote, kwa kuwa bei, msimu na juhudi za wauzaji vina sehemu yake. Kanuni zilizotajwa zinamkataza mhasibu kutia chumvi anapotangaza huduma zake, na pia kuwabeza wenzake. Hivyo hata kile kijembe kuhusu "mhasibu aliyetangulia", ambacho wengi hukiona kidogo, kiondolewe. Katika masuala ya kodi, kujigamba kwamba kodi ilipunguzwa huzua maswali yasiyo ya lazima, ilhali kusema kwamba ritani sasa huwasilishwa kwa wakati na kumbukumbu zake zipo kunatosha.

Wateja wa ukaguzi wa hesabu wana uzito wa pekee. Mkaguzi anapaswa kuwa huru, na pia kuonekana kuwa huru, na mtu anayetegemea ripoti yake akimkuta akishangilia ustawi wa kampuni anayoikagua, ana haki ya kutilia shaka maoni yake juu ya hesabu hizo. Kwa wateja wa namna hiyo, ni heri simulizi isiandikwe kabisa, hata kama wao wenyewe wameiomba.