Mdoli Uzamishwe Kwanza, Bei Baadaye

Kila Jumapili asubuhi, hali ya hewa ikiruhusu, nipo kwenye gulio moja nje kidogo ya Leicester, pale watu wanapopanga vitu vyao vya zamani nyuma ya magari na kuviuza. Mfukoni nina kikombe na chupa ya maji. Nikikuta bakuli la askari wadogo wa plastiki namwomba mwenye meza ruhusa, namimina maji, nachovya askari mmoja. Akielea, nauliza bei. Akizama, namtoa, namnusa, namdondosha mezani nisikie sauti yake, kisha ndiyo nauliza bei. Wenyeji wamenizoea. Kuna mzee mmoja huwaambia wageni kwamba mimi ni mchungaji, nabatiza.

Kazi yangu ni fundi wa mashine zinazodunga plastiki ya moto ndani ya moldi, yaani kalibu ya chuma inayoipa umbo. Nilianzia kiwandani Dar es Salaam, kwenye ndoo, mabeseni na vitana. Sasa niko huku, natoa vifuniko vya chupa za dawa. Kwa hiyo midoli ya zamani, na zile zawadi zilizokuwa zikifichwa ndani ya maboksi ya konfleksi, sikuzifuata kwa kukumbuka utoto. Kwetu Tanga asubuhi ilikuwa chai ya rangi na mihogo, na zawadi pekee iliyotoka ndani ya pakiti ilikuwa kijikaratasi cha bigjii. Nilizifuata kwa sababu nilipoishika ya kwanza niliona kazi ya fundi mwenzangu, na nikaona kwamba wengi wanaozinunua hawaisomi plastiki yenyewe. Wanasoma maandishi ya muuzaji.

Sasa turudi kwenye kile kikombe. Polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea. Ndiyo plastiki ya askari wengi walio laini, wale ambao ukiikunja bunduki inarudi mahali pake. Polistairini inazama, lakini taratibu, maana imeyapita maji kwa uzito kidogo tu. Ukiidondosha inalia tii kama kijiko cha chai, wakati polithini inatoa sauti iliyokufa. PVC inazama upesi, na ikizeeka hutoka jasho la kunata. Selulosi asetati, iliyotumika kwenye baadhi ya midoli ya mwanzo mwanzo, nayo inazama, ila hiyo hata kikombe haihitaji: ikianza kuoza inanuka siki. Ukifungua kopo la midoli ukapokewa na harufu ya achari, mtafute mwenye harufu umtenge siku hiyohiyo, kwa sababu ule mvuke wa asidi unaharakisha kuoza kwa wenzake.

Tahadhari moja. Askari aliyepakwa rangi usimchovye. Na aliyegandamizwa kwenye kitako cha chuma atazama hata akiwa polithini tupu.

Polithini inauawa na jua. Mwanga unakatakata zile nyuzi ndefu zinazoishikilia, na mdoli uliokaa dirishani miaka mingi unaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe umekuwa kama biskuti. Kwa kawaida vinatangulia vifundo vya miguu na mitutu ya bunduki, yaani sehemu nyembamba. Watu hupima kwa kukunja. Msikunje! Washa taa, tazama pembeni mwa kifundo kwa lenzi. Ukiona weupe kama wa chaki, na vijistari kama vya kauri iliyopata ufa, huyo muache alipo.

Baada ya plastiki ninasoma moldi. Kila mdoli una kitovu, lile doa dogo la mviringo au mraba mahali plastiki ilipoingilia, mara nyingi chini ya kitako. Una mstari unaoupanda ubavuni kutoka mguuni hadi kofiani, pale nusu mbili za moldi zilipokutana. Na ukiugeuza utaona vijiduara vya pini zilizousukuma utoke. Moldi ikiwa mpya, mstari huo ni kama unywele. Moldi ikichoka, chuma kinalika, plastiki inaanza kupenya pembeni na kuacha ngozi nyembamba, na vifungo vya koti vinakuwa vipele.

Hapo ndipo penye fedha za watu. Louis Marx alianzisha kampuni yake ya midoli New York mwaka 1919, na katika miaka ya 1950 viwanda vyake, kama kile cha Glen Dale, West Virginia, vilikuwa vikimwaga seti za ngome, wachunga ng'ombe, askari na dinosaria. Kampuni ilikufa mwaka 1980. Moldi hazikufa. Chuma kizuri kinaishi kuliko aliyekinunua, na nyingi zilipata mashine nyingine na kutoa midoli upya miaka mingi baadaye. Hali ni hiyohiyo kwa Rosenhain & Lipmann wa Melbourne, waliotengeneza baadhi ya zawadi za konfleksi zenye ubunifu kuliko zote nilizowahi kuzishika, zikiwemo Crater Critters za Kellogg's, kampuni ya konfleksi, ya Australia mwaka 1968, vijidudu vya sayari nyingine vyenye sura za kuchekesha. Moldi zao zilikuja kwenda Mexico na kufanya kazi tena huko.

Mdoli wa namna hiyo si bandia, umetoka kwenye chuma kilekile. Lakini si wa mwaka unaoandikwa kwenye tangazo. Ada ya somo hilo niliilipa kwa dinosaria mmoja aliyeuzwa kama wa 1955: plastiki ilikuwa inang'aa mno, laini kama mpira wa kandambili, na mikunjo ya ngozi shingoni imejaa. Umri wake haukuzidi wa mwanangu.

Bandia halisi anashikwa kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia milimita. Anayenakili hana moldi ya asili, kwa hiyo anachukua mdoli na kutengeneza moldi juu yake. Plastiki ikipoa inasinyaa, na polithini husinyaa kwa asilimia 2 au hata zaidi. Askari wa milimita 60 akinakiliwa anazaliwa na milimita 58 na nukta, au pungufu. Sina kipimo kingine ninachokiamini kama hicho, na kalipa ya bei ya chini inatosha.

Zawadi za boksi zilikuwa na masharti yake, na ukiyajua unaelewa kwa nini zina sura ile. Kellogg's walianza na kitabu, Funny Jungleland Moving Pictures cha mwaka 1909, ambacho mteja alikipata akinunua pakiti mbili. Plastiki ilipokuja ilileta hesabu nyingine. Kitu kiwe kidogo kiasi cha kuanguka katikati ya konfleksi bila kuvunjika, kisipakwe rangi kwa mkono kwa sababu mkono ni ghali, na kitoke kwenye moldi kikiwa kimekamilika au kibonyezwe tu pamoja vipande viwili vitatu. Moldi moja ya chuma ina vyumba vingi, kila mdundo wa mashine unamwaga familia nzima ya wanasesere, na mdundo ni wa sekunde. Airfix ya Uingereza, kabla haijajulikana kwa vifaa vya kuunganisha ndege, ilikuwa ikitoa vitana. Sikushangaa hata kidogo. Mashine niliyoizoea Dar ingeweza kutoa vitana asubuhi na askari jioni, ni kubadilisha moldi tu.

Na rangi. Wakusanyaji hulipa sana wanapopata mdoli wenye michirizi, mwekundu unaoingia kwenye njano kama ice cream iliyoyeyuka. Hadithi ni nyingi juu yake: toleo maalumu, jaribio la siri. Jamani, huo ni usafishaji wa mashine. Ukitoka rangi moja kwenda nyingine, plastiki ya zamani bado imo ndani ya pipa la moto, na midundo kadhaa ya kwanza inatoka na mchanganyiko. Kwetu tulikuwa tunazirudisha kwenye kinu, zinasagwa, zinatiwa rangi nyeusi na kuwa ndoo. Kila ninapoona michirizi ile ikiuzwa kwa paundi 40 naziwaza zile ndoo nyeusi za Kariakoo, utajiri ulioje tuliusaga.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote ni nyambizi. Kellogg's walianza kuitoa mwaka 1954, mwaka uleule nyambizi ya nyuklia Nautilus ilipoingizwa majini. Ni chombo kidogo cha plastiki, chini ya tumbo kina kijishimo chenye kifuniko. Unajaza baking pauda, unafunga, unaitia majini. Inazama. Maji yanapenya, unga unaanza kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, povu linajikusanya chini ya tumbo mpaka linainyanyua. Ikifika juu inayumba, povu linatoroka, inazama tena. Siri yake yote ni uzito: mwili lazima uyapite maji kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho povu moja saizi ya punje ya mtama linageuza hesabu.

Yangu niliinunua mtandaoni kutoka Marekani, na mara ya kwanza ilikaa chini ya bilauri kama jiwe. Nilikuwa nimetia bikaboneti tupu. Baking pauda ina bikaboneti pamoja na asidi kavu, na ni vile viwili vikikutana na maji ndipo gesi inatoka. Bikaboneti peke yake inayeyuka tu na kukutazama. Nilipobadilisha ilipanda mara tatu, nikampigia mama simu ya video aione.

"Shikamoo mama. Hebu tazama hii."

"Marahaba mwanangu." Akatazama. "Umekwenda Ulaya kuchezea maji?"

Huyo huyo aliniuliza mara tatu ndani ya wiki ile kama bado inapanda.

Zawadi nyingine nitazipita haraka, maana haziko kwenye fani yangu. Pete ya bomu la atomiki, iliyotolewa na konfleksi za Kix mwaka 1947 kwa senti 15 na kipande cha boksi, ilikuwa na chembe ya poloniamu ndani. Ukichungulia gizani uliona vimulimuli. Leo haimuliki, na muuzaji akikuambia yake inamulika, cheka uondoke. Nusu ya poloniamu ile huisha kila siku 138, kwa hiyo ndani ya miaka minne tu hubaki chini ya moja ya elfu. Quaker, kampuni nyingine ya nafaka za asubuhi, nao mwaka 1955 waligawa hati milioni 21, kila moja ya inchi moja ya mraba ya ardhi huko Yukon, Kanada; ardhi yenyewe ilirudi serikalini kwa deni dogo la kodi. Filimbi ya boksi la Cap'n Crunch, ambayo ni bidhaa yao pia, ilitoa mlio wa hezi 2,600, sauti ileile iliyofungua laini za simu za masafa za AT&T, na John Draper, mtundu wa kuchezea mitambo ya simu, akapata jina la utani kwayo. Mwaka 1972 Quaker wakamnunua hata Marx mwenyewe, wakamuuza tena baada ya miaka minne.

Kosa langu kubwa halikuwa kwenye kununua. Nilikuwa na magari manne ya polistairini, hayakuwa na kasoro hata moja, nikayaweka kopo moja na wanyama laini wa PVC. Kile kinachoilainisha PVC hakitulii, kinatoka na kuhamia kwa jirani, na jirani akiwa polistairini anayeyuka. Nilipofungua kopo baada ya miezi minane, twiga alikuwa amezama kwenye boneti mpaka magotini. Nilijaribu kumng'oa akaja na boneti nzima.

Sasa kila aina ya plastiki ina droo yake, na midoli iliyopakana kwa bahati mbaya inatenganishwa na karatasi ya polyester, si nailoni ya mfuko wa sokoni. Droo ziko kwenye korido upande wa kaskazini, pasipofika jua. Twiga na gari lake nimewaacha kama walivyo, wako juu ya friji.