Aliyekupa cheti ndiye atakayeulizwa

Wauguzi wanaonijia hapa Ngamiani, Tanga, kutaka ushauri wa kwenda kufanya kazi nje huja na bahasha nene: nakala za vyeti, kila moja na muhuri wa wakili. Wengi wanaamini kilichobaki ni viza tu. Kabla sijaifungua huwa nauliza: chuo ulichosoma bado kipo, na ofisi ya taaluma inajibu barua? Mabaraza ya uuguzi ya nje hayaishii kwenye karatasi uliyoishika. Yanataka uthibitisho kutoka kwa aliyeitoa, moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwako.

Kuna mambo mawili hapa yanayochanganywa sana. La kwanza ni kulinganisha elimu, kuambiwa diploma yako inalingana na kiwango gani kule. La pili ni kusajiliwa katika taaluma. Mtaalamu wa kompyuta anayekwenda Ujerumani hahitaji kusajiliwa ili aajiriwe. Muuguzi asiposajiliwa ataishia kuwa msaidizi, hata kama amesimamia wodi katika hospitali ya Bombo kwa miaka mingi.

Uingereza njia yake inajulikana. Baraza lao, NMC, huangalia mafunzo yako na usajili wako kwenye baraza letu la uuguzi na ukunga, TNMC. Ukitumia IELTS, mtihani wa Kiingereza, unatakiwa kupata 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha mitihani miwili: wa kompyuta, unaoweza kuufanya kabla ya kusafiri, na wa vitendo, OSCE, unaofanyika kulekule.

Ujerumani ni kazi zaidi. Anayeamua ni mamlaka ya jimbo utakaloajiriwa, na kwa kawaida utadaiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kati kwenda juu. Mafunzo yako yanawekwa kando ya yao, somo kwa somo na saa kwa saa, nadharia na vitendo. Sasa yatazame matokeo yako ya chuo: yana alama na madaraja, lakini je, yana saa ulizokaa wodi ya watoto, za upasuaji, za afya ya akili? Kama hayana, omba chuo kikuandikie mchanganuo wenye saa, usainiwe na kugongwa muhuri. Pengo likionekana, utasoma kozi ya kujaziliza au utafanya mtihani wa kupima ujuzi. Mchanganuo mzuri hupunguza pengo hilo, na ndiyo karatasi ninayoipigania kuliko zote.

Halafu majina. Kwetu pwani mtu ni Mwanahawa Omari kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanahawa Omari Bakari kwenye cha kidato cha nne, na pasipoti ina jina la mume. Sisi tunajua Omari ni baba na Bakari ni babu. Afisa aliye mbali anaona watu watatu. Rekebisha hapa nyumbani, kabla faili halijafunguliwa: hati ya kiapo inayotaja majina yote kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa rasmi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana huduma ya tafsiri. Yusufu mmoja akiandikwa Yusuph kwenye cheti kingine, hilo nalo liingie kwenye kiapo.

Mawakala wa ajira nawasema kwa ukali, na sijuti. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja kuwasaka wauguzi kwetu. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja hukatazwi. Kwa hiyo anayekufuata kukuahidi kazi ya uuguzi Uingereza, tena akidai ada mkononi, usimpe hata shilingi.

Kuhusu mpangilio: matokeo ya IELTS hudumu miaka 2, wakati barua ya chuo inaweza kukuchelewesha miezi. Ndiyo maana namshauri muuguzi aanze na chuo na TNMC akiwa bado kazini, ayanyooshe majina huku akisubiri majibu, na ada ya mtihani wa lugha ailipe chuo kikishajibu.